Kupima wanafunzi dawa za kulevya: shule itafanya nini siku ya pili?

Bangi kwenye begi, vidonge vya tramadol katika mfuko wa uniforme, chupa ndogo ya pombe kali nyuma ya vyoo vya shule: kila mara prefe anapokamata kitu kama hicho, swali moja linarudi katika mikutano ya wazazi. Kwa nini shule isipime wanafunzi wote kwa lazima, kisha wenye kukutwa wafukuzwe? Swali hilo si la bure. Lakini nchi zilizojaribu njia hiyo zimeonyesha kwamba kupima ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kazi nzito inaanza siku ya pili, jina la mtoto likiisha kujulikana.

Hofu ya wazazi ina msingi

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kitu cha kulevya hakiko mbali na shule. Bangi, ambayo wengi wanaiita chanvre, inauzwa kwa siri karibu kila mtaa. Tramadol na Valium, dawa ambazo daktari ndiye anapashwa kuziandika kwenye ordonansi, zinauzwa kidonge kimoja kimoja katika farmasi ndogo ambazo hazina ruhusa. Pombe za kienyeji nazo zina majina yake kila pahali: kanyanga huku Kivu, kindingi upande wa Beni na Butembo, lutuku upande wa Katanga. Kipimo chake kidogo kinanunuliwa kwa pesa ambayo mtoto anapewa ili anunue beignet saa ya mapumziko.

Mwaka 2021, nchi nzima ilisikia habari ya bombé. Huko Kinshasa, vijana walikuwa wanasaga kitu kinachotolewa ndani ya bomba la moshi la gari, wanakichanganya na vidonge, kisha wanavuta unga huo. Wengine walionekana wamesimama barabarani saa nyingi, kichwa chini, kama watu waliolala wima. Mwezi wa 8 mwaka huo Rais Félix Tshisekedi alizungumzia jambo hilo katika baraza la mawaziri, na polisi ikakamata watu karibu mia moja, wauzaji na watumiaji. Wenye magari nao walianza kulia juu ya bomba zilizoibiwa usiku.

Mzazi aliyeona picha zile ana haki ya kuogopa. Na wanaotaka kipimo cha lazima wana hoja tatu ambazo haziwezi kudharauliwa. Ya kwanza: mzazi ndiye wa mwisho kujua. Mtoto anatoka nyumbani asubuhi akiwa safi, anarudi jioni macho mekundu, anasema ni vumbi la barabara. Kipimo kingevunja uongo huo mapema, mbele ya mtoto kuharibika. Ya pili: kipimo kinampa mwanafunzi njia ya kukataa bila kuchekwa. Wenzake wakimsukuma, anaweza kusema shule inapima, hataki matatizo na prefe. Ya tatu: wanafunzi wasiotumia kitu wana haki ya kusoma pamoja na watu wenye akili timamu, bila fujo wala wizi darasani.

Hoja hizo zote zinategemea jambo moja: kwamba kipimo kinasema ukweli, na kwamba shule inajua la kufanya na ukweli huo.

Kikaratasi kinaona nini, hakioni nini

Kipimo kinachotumiwa zaidi mashuleni katika nchi zingine ni kikaratasi kinachotiwa katika mkojo. Kwa dakika chache, mistari inatokea ama haitokei. Kila mstari unatafuta aina moja: bangi, kokaini, morfini na jamaa yake, amfetamini, dawa za usingizi kama Valium. Kile ambacho hakikupangiwa mstari, kikaratasi hakikioni.

Kwanza, kikaratasi hakisemi kama mtoto amelewa leo. Kinasema tu kama kuna mabaki mwilini. Mabaki ya bangi yanakaa kwa muda mrefu: mtu aliyevuta mara moja anaweza kukutwa siku tatu hivi baadaye, na yule anayevuta kila siku anaweza kukutwa hata mwezi mmoja kisha kuacha. Pombe ni kinyume. Inatoka mwilini kwa saa chache. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejaribu bangi mwisho wa likizo kwa mjomba wake anaweza kukamatwa siku ya kufungua masomo, na yule aliyekunywa kanyanga jana jioni, anayelala juu ya dawati, atapita salama.

Tramadol nayo inaponyoka. Ni jamaa ya morfini kwa kazi yake, lakini mstari wa kawaida wa morfini hauioni. Unaomba kikaratasi chake cha pekee, na shule inapashwa kukifikiria na kukilipia mbele. Harufu ya gundi na petroli, ambayo watoto wa barabarani wanavuta katika chupa za plastiki, haionekani kabisa. Hata bombé haina mstari wake. Kipimo kinaweza kuonyesha tu vidonge vilivyochanganywa ndani yake, kama viko kati ya vile kinavyovitafuta.

Wanafunzi wanajifunza mambo hayo haraka kuliko walimu. Madaktari wa watoto huko Marekani walitoa onyo juu ya hilo: mtoto anayejua kwamba bangi itaonekana anaweza kuhamia kwenye kitu kisichoonekana, na mara nyingi kitu hicho ni kibaya zaidi. Kijana anayeacha bangi ili ameze tramadol nyingi kwa mara moja hajapona. Tramadol ikizidi mwilini inaweza kuleta kifafa pale pale darasani.

Mtoto wa dawa za kifua kikuu

Kuna pia kosa la upande wa pili: kumpa mtoto asiyetumia kitu jina la mvutaji. Kikaratasi kinaweza kuchanganya dawa za hospitali na dawa za kulevya. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, imewahi kuleta jibu la uongo la morfini katika vipimo vingine. Efavirenzi, dawa ambayo wagonjwa wengi wa UKIMWI walimeza kwa miaka, imewahi kuleta jibu la uongo la bangi. Sirupu ya kikohozi yenye kodeini inaleta jibu la morfini, na hilo hata si uongo: kodeini ni ya jamii ile ile.

Tena kuna Gardenal. Katika Congo, na zaidi katika sehemu za Ituri ambako kifafa ni kingi, watoto wengi wanaishi kwa dawa hiyo. Kipimo chenye mstari wa dawa za jamii hiyo kitaitika, na kitakuwa kimesema kweli. Lakini ili ajitetee, mtoto atalazimika kueleza mbele ya mkubwa wa nidhamu kwamba ana kifafa, ugonjwa ambao familia nyingi zinauficha kwa sababu watu wanauita uchawi ama wanaogopa unaambukiza. Aliyekuja shuleni na siri ya ugonjwa wake anarudi nyumbani bila siri hiyo.

Ndiyo maana penye kazi hii inafanywa vizuri, jibu la kikaratasi halihesabiwi kuwa jibu la mwisho. Mkojo unapelekwa katika maabara yenye mashine kubwa inayotenganisha kila kitu na kukitaja kwa jina, kisha daktari anauliza mgonjwa anameza dawa gani. Mashine hizo si za kukuta katika kituo cha afya cha kila komini.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo. Tuseme, kwa mfano tu, shule ina wanafunzi 1.000, na kati yao 50 wanatumia kitu. Tuseme tena kikaratasi ni kizuri: kinakamata 90 kwa mia ya watumiaji, na kinakosea kwa watu 5 tu kati ya kila watu 100 wasiotumia. Watumiaji watakaokamatwa ni 45. Lakini wasiotumia ni 950, na 5 kwa mia yao ni watoto 47 ama 48. Prefe atakuwa na karatasi yenye majina zaidi ya 90, na zaidi ya nusu ya majina hayo ni ya watoto wasio na kosa. Akiwafukuza wote, amefukuza wasio na hatia wengi kuliko wenye hatia.

Marekani walipima, kisha wakahesabu

Nchi ambayo imegombania jambo hili kwa muda mrefu mbele ya mahakama ni Marekani. Katika mji mdogo wa Vernonia, jimbo la Oregon, shule ziliona wanamichezo wanatumia dawa za kulevya, zikaamua mwaka 1989 kwamba kila anayetaka kucheza katika timu apimwe mkojo. Mwaka 1991 mtoto mmoja, James Acton, alikataliwa kucheza kwa sababu wazazi wake hawakutia sahihi. Hakuna aliyemshuku kwa lolote. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1995 majaji 6 kati ya 9 waliipa shule haki.

Mwaka 2002 mahakama ile ile ilipanua mlango. Shule za Tecumseh, jimbo la Oklahoma, zilikuwa zinapima wanafunzi wote wa shughuli za nje ya masomo, hata wa kwaya na fanfare. Mwanafunzi Lindsay Earls alikwenda mahakamani, akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Lakini hata hapo, mahakama iliangalia mambo mawili: majibu hayakupelekwa polisi, na hayakutumiwa kumfukuza mtoto masomoni. Adhabu ya mwisho ilikuwa kutolewa kwenye timu ama kwaya. Na kipimo hakikuwa cha wanafunzi wote, kilikuwa cha waliochagua shughuli hizo.

Mahakama ilijibu kama shule inaruhusiwa. Haikujibu kama kupima kunasaidia. Hilo lilitafutwa na watafiti. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo ya uchunguzi uliogusa wanafunzi karibu 76.000. Walilinganisha shule zinazopima na zisizopima, wakakuta utumiaji wa dawa za kulevya ni karibu sawa pande zote mbili.

Mwaka 2010, uchunguzi mwingine ulioombwa na wizara ya elimu ya Marekani ulifuata shule 36 kwa mwaka mmoja. Safari hii kulikuwa na tofauti. Kati ya wanafunzi wa timu na vikundi waliokuwa chini ya kipimo, 16 kwa mia walisema walitumia kitu katika siku 30 zilizopita. Katika shule zisizopima, walikuwa 22 kwa mia. Wanaotetea kipimo wana haki ya kuonyesha namba hiyo. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba wanafunzi wengine wa shule hizo hawakubadilika, na kwamba wale waliopimwa walikuwa na nia ya kutumia siku za mbele sawa na wasiopimwa. Walijizuia kwa muda, mawazo yao yakabaki pale pale.

Mwaka 2015, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo wa kupinga upimaji wa namna hiyo mashuleni. Sababu zake: faida haijaonekana vizuri, siri ya mtoto inaweza kuvuja, adhabu inaweza kumtoa masomoni, na mtoto anayeogopa kipimo anaweza kuacha michezo ama kwaya, vitu ambavyo ndivyo vinamlinda.

Afrika Kusini waliandika masharti

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Afrika Kusini. Huko, sheria ya shule iliongezewa kifungu mwaka 2007 juu ya kupekua na kupima wanafunzi. Kifungu hicho hakilazimishi kila mwanafunzi kupimwa. Kinamruhusu mkuu wa shule kupima pale tu penye shaka ya haki na yenye sababu, akiangalia kwanza faida ya mtoto mwenyewe, afya yake na usalama wa wengine.

Masharti yake ni ya wazi. Anayepima msichana awe mwanamke, anayepima mvulana awe mwanaume, mahali pa faragha, mbele ya mtu mzima mwingine wa jinsia ile ile. Chombo cha kupimia kiwe kile ambacho waziri amekitaja katika gazeti la serikali, si chochote kilichonunuliwa sokoni. Mzazi ajulishwe ndani ya siku moja ya kazi. Na jambo kubwa: shule haiwezi kumfungulia mtoto kesi ya jinai kwa sababu ya kipimo hicho. Adhabu ya shule inaweza kufuata, lakini mlango wa polisi umefungwa kwa makusudi.

Sheria hiyo haikumaliza dawa za kulevya mashuleni mwa Afrika Kusini. Lakini ilijibu mapema maswali ambayo kwetu yangejibiwa kwa hasira, asubuhi moja, mbele ya bendera.

Sheria ya Congo inasema nini

Katika Congo, pande zote mbili zinaweza kushika katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 42 kinaagiza serikali kulinda vijana dhidi ya kila kitu kinachoharibu afya yao, elimu yao na kukua kwao. Mzazi anayetaka kipimo atasimama hapo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri. Mzazi anayekataa atasimama hapo. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao nchi ilikubali mwaka 1990, nao una mambo yote mawili: unaomba watoto walindwe dhidi ya dawa za kulevya, na unakataza mtu kuingilia maisha yao bila sheria.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasaidia kukata shauri. Inasema faida ya mtoto ndiyo inapashwa kutangulia katika kila uamuzi unaomuhusu, na mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Tena kanuni ya adhabu inaadhibu daktari ama mtu mwingine anayefichua siri aliyoipata kwa njia ya kazi yake. Jibu la mkojo ni siri ya afya. Halipashwi kusomwa mbele ya darasa wala kutumwa katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Kwa maneno mengine, shule inayotaka kupima haiwezi kutosheka na mstari mmoja katika kanuni zake za ndani. Inaomba kibali cha mzazi, mtu wa afya, mahali pa siri, na mpango wa kinachofuata.

Pesa za nani?

Masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali tangu mwaka 2019. Sekondari siyo, na huko ndiko hofu ya dawa za kulevya ni kubwa. Shule nyingi za sekondari zinaishi kwa pesa za wazazi, na walimu wengi bado wanangoja mshahara wa serikali. Kipimo cha lazima kingekuwa mstari mwingine kwenye bordereau ya malipo, na mtoto ambaye mzazi wake hana pesa angerudishwa nyumbani, si kwa bangi, bali kwa deni la kipimo.

Hali ya vita imeongeza ugumu. Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango na familia nyingi zikapoteza kipato. Komite ya wazazi ina kikapu kimoja cha pesa. Ikinunua vikaratasi, kuna kitu kingine hakitanunuliwa.

Siku ya pili

Tuchukue mtoto mmoja wa kufikirika, wa mwaka wa pili wa humanités, miaka 16, anayeishi na shangazi yake tangu familia ikimbie kijiji. Hasinzii vizuri usiku juu ya mambo aliyoyaona. Rafiki alimpa kidonge, usingizi ukaja. Sasa anameza kila jioni. Kipimo kinafanywa, mstari unatokea. Shule inamfukuza.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, mtoto huyo yuko wapi? Hayuko tena mbele ya mwalimu. Yuko kwenye parking ya motari, ama kwenye kona ile ile ambako vidonge vinauzwa, sasa ana siku nzima ya kukaa hapo. Na katika vijiji na miji ya mashariki, kijana asiye na shule ndiye makundi yenye silaha yanamtafuta kwanza. Dawa za kulevya hazijapungua. Shule imejisafisha, mtaa umepokea.

Kama shule haimfukuzi, inapashwa kumpeleka pahali. Pahali hapo ni pachache. Goma ina kituo Tulizo Letu, Bukavu ina SOSAME, vyote viwili vya Mafrere wa Karità, ambavyo vinatunza wagonjwa wa akili na watu walioharibiwa na vileo. Lubumbashi ina kituo Joseph Guislain. Kwa familia ya Shabunda, Walikale ama Mambasa, vituo hivyo ni safari ya siku nyingi na pesa nyingi. Vituo vya afya vya mitaa vina manesi waliozoea malaria na uzazi. Wachache tu wamefundishwa kuzungumza na kijana mwenye kuvuta.

Hapo ndipo swali la kipimo linapata jibu lake. Shule ambayo haina wa kumpokea mtoto kisha kipimo, haina faida ya kumpima. Itakuwa imepata jina tu.

Kinachoweza kuanza bila kikaratasi

Kuna kazi ambazo hazingoji maabara. Madaktari wa vijana wanatumia maswali machache badala ya mkojo. Moja ya orodha zinazojulikana, CRAFFT, iliyotengenezwa Boston, inauliza mambo kama haya: umewahi kupanda gari la mtu aliyelewa? Unatumia ili utulize mawazo? Unatumia ukiwa peke yako? Unasahau ulichofanya? Jamaa na marafiki wanakuambia upunguze? Umewahi kupata matatizo kwa sababu hiyo? Weka moto pahali pa gari, na maswali hayo yanaeleweka Butembo sawa na Boston. Yanaulizwa kwa siri, na mtu ambaye mtoto hamuogopi: nesi, mwalimu mmoja aliyechaguliwa, mama mshauri. Mtoto anayejibu ndiyo kwa mawili ama zaidi anaomba kufuatiliwa. Kikaratasi kingesema tu kwamba alimeza. Maswali yanasema kwa nini anameza.

Masomo ya kujifunza kukataa nayo yamejaribiwa Afrika. Katika shule za sekondari za Nigeria, programu ya masomo 12 iitwayo Unplugged, iliyotoka Ulaya, ilifundishwa na walimu wenyewe, na uchunguzi ulionyesha wanafunzi walipunguza pombe. Haikuwa mahubiri ya kutisha. Vijana walifanya mazoezi ya kusema hapana, ya kushika hasira, ya kuomba msaada.

Tena kuna muuzaji. Kupima watoto 1.000 ili kuacha kibanda kimoja cha vidonge kikifanya kazi mita hamsini kutoka lango la shule ni kuanza kazi upande wa mkia. Mkaguzi wa farmasi, burgmestre wa komini na mkubwa wa mtaa wana mamlaka juu ya kibanda hicho. Mtoto hana.

Maswali matano kwa mkutano wa wazazi

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, komite za wazazi zitaketi tena na prefe. Kama pendekezo la kipimo cha lazima litaletwa mezani, wazazi wanaweza kuomba majibu matano yaandikwe kwanza katika procès-verbal.

Nani atapima, na ni mtu wa afya ama mkubwa wa nidhamu? Jibu la kikaratasi litahakikishwa wapi, na mtoto anayemeza dawa za hospitali atalindwa namna gani? Nani ataona majina, na karatasi yake itafungiwa wapi? Mtoto atakayekutwa atapelekwa kwa nani, kwa pesa gani, na atabaki darasani siku hizo? Na nani ameisha kwenda kuona wanaouza karibu na lango?

Shule inayoweza kujibu yote matano inaweza kufikiria kipimo kwa mtoto anayeshukiwa kwa sababu ya kweli, mzazi akiwa amekubali, kama Afrika Kusini walivyoandika. Shule isiyo na majibu ina kazi nyingine ya kufanya kwanza, na inaweza kuanza nayo kesho asubuhi: kumchagua mwalimu mmoja ambaye watoto wanamuamini, kumpa chumba chenye mlango, na kuwaambia wanafunzi wote kwamba anayeingia pale kuomba msaada hatafukuzwa.